Wimbo Usisafiri Bila Jina

Kwetu Eringeti mtu akitoka kwenda safari haondoki mikono mitupu. Mama atamfungia ndizi, kidogo ya unga, na chumvi ndani ya karatasi. Lakini siku hizi ndugu zetu wa mbali wanatuomba mzigo mwingine. Wanapiga simu kutoka Oicha, Beni, Butembo, Kampala, hata Ulaya, na kusema: "Mututumie nyimbo za kwetu." Mzigo huo si mzito. Wote unaingia ndani ya kadi ya simu iliyo ndogo kama ukucha. Lakini, ndugu msomaji, kuuchagua ndiyo kazi. Sisi wa chama tulikaa majuma manne tukibishana juu yake, na katika mabishano yale tulijifunza jambo moja tunalotaka kuwaeleza hapa: anayechagua nyimbo za kupelekea wengine anachagua pia nani atakumbukwa na nani atasahauliwa.

Wanaoomba ni nani

Eringeti iko kwenye barabara ya taifa namba 4, kilomita karibu 60 kaskazini ya Beni, mahali Kivu ya Kaskazini inapoishia na Ituri inapoanza. Ukiendelea mbele unapita Luna, kisha unafika Komanda. Pale barabara inagawanyika: mkono wa kuume ni Bunia, mkono wa kushoto unaingia msituni kuelekea Mambasa, Epulu na mwisho Kisangani. Juu ya barabara hii na juu ya kakao, watu wa aina nyingi wanakutana kwetu: Wambuba, Wanande, Walese, na Wambuti wa msituni. Kila mmoja ana lugha yake na ngoma yake. Kiswahili ndicho kinatukutanisha sokoni, na kanisani pia.

Mwezi wa Oktoba 2014 mauaji yalianza katika eneo la Beni. Tarehe 29 Novemba 2015 vita ilifika mpaka Eringeti kati, hata mahali pa kutibia wagonjwa hapakuachwa. Toka miaka ile watu wametawanyika. Wengine wamerudi, wengine wamekimbia mara mbili, mara tatu. Utakuta familia moja baba anapanga chumba Oicha, watoto wako Butembo kwa shangazi, na mjomba yuko kambini Uganda. Mtu aliyekimbia usiku alibeba mtoto na sufuria. Hakubeba ngoma. Endara nayo, ile marimba yetu kubwa inayolazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa pamoja, nani ataikimbia nayo?

Kwa hiyo yule anayeomba nyimbo haombi mchezo tu. Anataka watoto wake waliozaliwa uhamishoni wasikie namna watu walivyoimba mahali wanapoitwa wa kutoka. Sisi tuliobaki tukaona hii ni kazi ya chama.

Namna tulivyochagua

Tulipanga nyimbo 30 tu. Si kwamba kadi haiwezi kubeba zaidi, inabeba hata elfu. Lakini mtu ukimpa nyimbo elfu hutamwambia kitu, umemmwagia tu. Ukimpa 30, kila moja inamwuliza: mbona walinichagulia hii?

Ugomvi ulianza siku ya kwanza. Vijana walikuja na simu zao zimejaa Fally Ipupa. Akina mama wa kanisa walikuja na nyimbo za korali. Wazee walikuja na vichwa vyao tu, maana nyimbo zao ziko huko. Kijana mmoja akasema, "Mukiweka za zamani tu, batoto batazima simu." Mukaka mmoja, ambaye wote tunamwita hivyo ingawa si bibi yetu wa damu, akamjibu polepole: "Na mukiweka za Kinshasa tu, batajuaje kama batu ba hapa nao baliimba?" Kimya kikawa kirefu. Wote wawili walikuwa na haki.

Rumba hatukuidharau. Franco, Tabu Ley na Mbilia Bel ni wetu sisi pia. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, na siku ile hata hapa watu walifurahi na kucheza. Lakini tulijiuliza: ndugu yetu aliye Kampala, je, anakosa Franco? Hakosi. Atamsikia ndani ya basi, ndani ya baa, kwa jirani. Papa Wemba hana haja ya sisi ili ajulikane. Yule mama aliyekuwa akianzisha wimbo wakati wa kupalilia shamba upande wa Kainama, huyo ndiye ana haja ya sisi.

Ndipo tukaweka sharti moja: kila anayeleta wimbo aseme aliusikia wapi hapa kwetu, na ulimfanyia nini. Sharti hilo lilituokoa. Rumba 5 zilipita, maana kuna waliooa nazo na waliosema ilikuwa rumba gani, mbele ya nyumba ya nani. Nyimbo za korali 6 zilipita, na mojawapo ni ile iliyoimbwa siku watu waliporudi kusali baada ya miezi ya kukimbia. Nyingine 19 ni za kubembeleza mtoto, za shamba, za kupokea bibi arusi, za matanga, na endara mbili.

Kuna nyimbo tulizoacha kwa makusudi. Nyimbo za olusumba, yaani za tohara ya Wanande, wazee walikataa zisitoke. Walisema wimbo ule unasikilizwa na aliyepita pale, na nje ya pale si wimbo tena, ni makelele. Vijana walinung'unika kidogo, kisha wakakubali. Mtu anayegawa chakula anajua pia chungu gani hakifunuliwi mbele ya wageni.

Wimbo wa msituni uliofika kuliko sisi sote

Tulipofika kwa nyimbo za Wambuti, mwalimu mmoja wa kwetu alituletea habari ambayo wengi hatukuwa tumeisikia. Tunaieleza hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kazi yetu.

Mwaka 1977 Wamarekani wa NASA walituma angani vyombo viwili vinavyoitwa Voyager. Vilitumwa kuchunguza sayari za mbali, kisha viendelee bila kurudi. Kwenye kila kimoja waliweka diski ya shaba iliyopakwa dhahabu, na juu yake sauti za dunia: salamu za lugha 55, sauti za mvua na wanyama, na nyimbo 27, karibu dakika 90. Mkubwa wa kazi ile ya kuchagua alikuwa mwanasayansi Carl Sagan, na wenzake wachache. Muda waliopewa haukufika mwaka. Walibishana kama sisi, ila wao walikuwa wanachagulia msikilizaji ambaye hakuna anayemjua. Waliweka Bach na Beethoven, wakaweka Louis Armstrong na Chuck Berry. Katika salamu, Kiluganda cha jirani zetu kimo. Kiswahili hakimo.

Na katika zile nyimbo 27 kuna mmoja wa sekunde 56 ulioandikwa "Zaire". Ni wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, wa sherehe ya elima, ile wanayofanyiwa wasichana wanapoingia ukubwani. Ulinaswa na Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa na Wambuti upande wa Epulu miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu yao mwaka 1961. Epulu iko kwenye barabara yetu hii hii. Voyager 1 ilitoka katika eneo la upepo wa jua mwezi wa Agosti 2012, na leo iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Wasichana wa msitu wetu wanaimba kule, au tuseme sauti yao imelala ndani ya diski ile, inangoja atakayeiamsha.

Anayejua uimbaji wa Wambuti haoni ajabu kwamba walichaguliwa. Kwao wimbo haubebwi na mtu mmoja. Huyu anatoa sauti fupi, yule anamjibu katikati, wa tatu anaziba nafasi iliyobaki, na ukisikiliza unasikia kitu kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao anayekiimba peke yake. Turnbull alieleza kwamba balaa ikiwapata, Wambuti husema msitu umelala usingizi ndiyo maana mabaya yameingia, basi wanauimbia ili uamke, na wanauimbia nyimbo za furaha. Sisi tulioishi miaka hii ya vita tulisoma maneno hayo mara mbili.

Tulimpelekea habari hiyo mama mmoja Mumbuti anayekuja sokoni kwetu na majani ya kufungia chakula. Tulimweleza juu ya chombo, juu ya dhahabu, juu ya kilomita. Alisikiliza mpaka mwisho bila kushtuka. Kisha akauliza: "Na ule mutoto mwenye kuanzisha, jina yake nani?"

Hatukuwa na jibu. Si sisi tu. Katika orodha ya diski ile wimbo umeandikwa kwa jina la nchi, kwa aina ya sherehe, na kwa jina la yule aliyeunasa. Jina la hata msichana mmoja aliyeimba halimo. Bach ana jina, Chuck Berry ana jina. Watoto wa Ituri ni "wasichana".

Jina linavyofanya kazi

Mtu anaweza kusema, jina lina faida gani, si wimbo unasikika tu? Tutatoa mifano miwili.

Wa kwanza unatoka ndani ya diski ile ile. Kuna ngoma iliyoandikwa kwamba ni ya Senegal. Miaka 40 watu walisema Senegal. Waliochapisha upya diski hiyo mwaka 2017 walitafuta tena asili ya kila wimbo, wakakuta ngoma ile ni ya Wamahi wa Benin. Kati ya Senegal na Benin kuna nchi nzima katikati, tena si moja. Wimbo usiokuwa na jina la mwenyewe hauna wa kuusemea, na ukiandikwa vibaya unakaa vibaya.

Wa pili ni wa kwetu Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta kijana mmoja huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akipiga gitaa. Alimnasa, na akaandika jina lake: Mwenda Jean-Bosco, wa Bayeke. Wimbo wake "Masanga" ulienda duniani pamoja na jina hilo. Kwa hiyo watu waliweza kumtafuta. Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga kwenye tamasha la Newport. Mpaka leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1990, mwenye kujifunza gitaa la Kiafrika anajifunza kwa jina la Mwenda. Tracey yule yule mwaka 1952 alipita pia ukingoni mwa msitu wa Ituri, akanasa Wambuti, Wanande, Wabira na wengine, na nyimbo hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Tofauti ya Mwenda na wasichana wa elima si ufundi wa kuimba. Ni kwamba mmoja aliulizwa jina likaandikwa na kusafiri pamoja na wimbo.

Turnbull hatumlaumu sana. Bila yeye sekunde zile 56 zisingekuwepo. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tunataka kutuma kadi ambayo juu yake imeandikwa "wimbo wa kupalilia", "wimbo wa matanga", bila zaidi. Swali la yule mama lilituangukia sisi kwanza.

Kazi tuliyofanya

Basi tukaanza upya. Kwa kila wimbo tulioweza, mwimbaji mwenyewe anasema kwanza kwa sauti yake: mimi ni fulani, wa mahali fulani, wimbo huu nilifundishwa na fulani, tunauimba wakati fulani. Kwa nyimbo za Wambuti tulimfuata mama yule mpaka kambini kwao. Walikuwa wanawake saba. Majina yao na ya waliowafundisha yalichukua karibu dakika nzima kabla wimbo kuanza. Kijana wetu wa kompyuta alitaka kufupisha. Tulimwambia aache.

Haikuwa rahisi kwa wote. Wengine waliogopa. Katika miaka hii kwetu jina linaweza kumtafutia mtu shida, na kila mmoja anajua sababu yake. Hatukumlazimisha mtu. Kuna aliyetoa jina la ubatizo tu, kuna aliyetaja kijiji bila jina, kuna aliyesema tutaje la bibi yake aliyemfundisha badala ya lake. Hayo pia tuliyakubali. Neno kubwa ni kwamba aliulizwa, na akaamua yeye mwenyewe. Ndiyo maana hata katika kurasa hizi hatuandiki jina la mtu wetu yeyote. Yako ndani ya kadi, kwa sauti za wenyewe.

Wimbo mmoja ulitushinda. Ulitoka ndani ya kaseti ya arusi ya mwaka 2009, kaseti iliyookolewa na jirani kwa sababu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Sauti ya mama inaanzisha wimbo wa kupokea bibi arusi, wengine wanaitikia, ngoma inaingia kwa kuchelewa kidogo, vizuri sana. Wenye arusi wamekwisha kufariki. Tuliuliza Eringeti nzima, hakuna aliyemtambua. Wengine wakasema tuuache. Mukaka akakataa. Basi mbele ya wimbo ule tuliweka sauti ya kijana wetu akisema: "Arusi ya Eringeti, mwaka 2009. Mama anayeanzisha hatujamjua. Mwenye kumjua atuambie."

Kadi zilitoka mwaka 2023, nyingine kwa pikipiki, nyingine kwa basi, na waliokuwa na intaneti walitumiwa kwa simu. Baada ya miezi miwili tulipigiwa kutoka Oicha. Ni mwanamke anayeuza sombe sokoni. Simu ya mwenzake ilikuwa inaimba kando ya meza, akaacha kupima sombe. "Ile ni mama yangu," akatuambia. Mama yake alikufa uhamishoni mwaka 2016. Hakuwa na picha yake hata moja, zote ziliungua na nyumba. Watoto wake hawakumjua bibi yao. Alitupa jina la mama, kijiji chake, na akasema wimbo ule mama aliufundishwa na nyanya yake Mumbuba, ndiyo maana maneno mawili ndani yake sisi wengine hatukuyaelewa. Tulimwuliza kama anataka jina lake yeye pia liwekwe. Akasema, "Ya mama muweke. Yangu muache."

Tuliondoa sauti ya kijana wetu. Sasa mbele ya wimbo ule anasema binti, kwa Kiswahili, kisha kwa Kimbuba kidogo anachokijua. Nyuma yake unasikia soko la Oicha, maana alijinasa pale pale mezani pake.

Maneno yetu kwa wasomaji

Ndugu wasomaji, nyinyi pia mna simu, na ndani ya simu mna nyimbo mnazopenda. Kila siku mnazigawa. Hatuwakatazi rumba wala za vijana, sisi wenyewe tunazicheza. Tunawaomba mambo machache tu. Mkichagua nyimbo za kumpelekea mtu, semeni kwa nini mmechagua hizo. Mkinasa mzee anaimba, mwulizeni ruhusa kwanza, kisha jina, na nani alimfundisha. Asiyetaka kutajwa aheshimiwe. Wimbo usiojulikana mwenyewe msiutupe, na msimbandike mtu mwingine. Andikeni wazi kwamba mnamtafuta. Na fanyeni mapema, maana wazee wetu hawatungoji, na usiku wa kukesha pamoja umepungua kwetu.

Kadi yetu imekwisha kupita nyimbo 30, maana kila inapokwenda inarudi na kitu. Iko kwa katibu wa chama. Mwenye kuitaka aje na kadi yake tumnakilie. Hatuombi franka. Atalipa wimbo mmoja wa kwao, na jina la aliyeuimba.